Kazi mradi ya kupima mvua katika darasa la wanafunzi 84

Swali

Shikamoo Mkufunzi. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano katika shule ya msingi iliyopo Wilaya ya Newala, mkoani Mtwara, na ninafundisha Hisabati pamoja na Sayansi. Darasa langu lina wanafunzi 84. Mwaka jana niliwapa kazi mradi ya kutengeneza kielelezo cha tangi la maji kwa udongo na maboksi. Vielelezo vilipendeza, lakini niligundua kwamba katika kila kikundi watoto wawili ndio waliofanya kazi yote, na mtihani ulipofika hata hao hawakuweza kueleza maana ya ujazo. Nifanyeje ili kila mtoto ashiriki na ajifunze, bila gharama ambayo shule haiwezi kuimudu na bila kuchelewesha mada? Mwalimu Mkuu anashauri shamba la mihogo la shule ndilo lihesabiwe kuwa kazi mradi. Na alama nitazitoaje kwa haki? Tunalo tangi moja la plastiki la lita 5,000, linalopokea maji ya paa kupitia gata ya upande mmoja.

Jibu

Marahaba, Mwalimu. Umeona jambo ambalo wengi wetu hulipita tunapotazama vielelezo vizuri vilivyopangwa mezani: kitu kinaweza kukamilika na somo lisiwemo ndani yake. Kielelezo cha tangi hakimdai mtoto ajue ujazo. Kinamdai awe na mkono mzuri wa kufinyanga, na wakishapatikana wawili wenye mkono huo, wenzao wanne hawabakiwi na kazi isipokuwa kuwaletea udongo. Kuwahimiza hao wanne washiriki hakutasaidia sana, kwa sababu kazi yenyewe haiwahitaji. Inayopaswa kubadilika ni kazi.

Ushauri wangu ni kwamba kazi mradi ianze na swali lenye jibu la namba, ambalo mtu yeyote darasani halijui, hata wewe mwenyewe, na ambalo haliwezi kujibiwa bila vipimo vya watoto wengi. Shule yako tayari inalo swali la namna hiyo. Katika Uwanda wa Makonde mvua huzama ardhini upesi, maji ya bomba husukumwa kwa pampu kutoka mabondeni, na kaya nyingi hutegemea kuvuna maji ya paa. Hakuna mtoto wa Newala asiyejua thamani ya ndoo moja ya maji. Basi waulize hivi: tangi letu likiwa tupu, litajazwa na mvua ya milimita ngapi? Kwa kuwa kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili, miezi ya mwanzo ya muhula wa kwanza inafaa kabisa.

Gawa darasa katika vikundi 14 vya watoto sita, na kila kikundi kitengeneze kipimamvua chake kwa chupa tupu ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu. Tafuta chupa zenye ubavu ulionyooka, kwa sababu chupa yenye kiuno au mabonde itatoa namba za uongo. Wewe mwenyewe, si watoto, ukate sehemu ya juu pale ambapo chupa imeshafikia upana wake kamili, kisha ugeuze kipande hicho na kukichomeka kama faneli, kizibo kikiwa kimeondolewa. Faneli hiyo hupunguza maji yanayopotea kwa mvuke. Kitako cha chupa hakiko sawa, kwa hiyo weka kokoto chini na umimine maji hadi yafike mahali ambapo ubavu umenyooka. Hapo ndipo sifuri ya rula ya karatasi inapoanzia, na rula hiyo ibandikwe kwa selotepu pana ili isilowe. Kila asubuhi baada ya kusoma, maji ya ziada yamwagwe na usawa urudishwe kwenye sifuri, ama kwa kupunguza ama kwa kuongeza, kwa kuwa siku ya jua kali maji hayo ya chini nayo hupungua.

Kabla vifaa havijatoka nje vipimwe usahihi wake, na hatua hii nakuomba usiiruke, kwa maana hapa ndipo mtoto anapoanza kuuona ujazo badala ya kuukariri. Ikiwa kipenyo cha chupa ni sentimita 8, mdomo wake mpana uliokatwa una eneo la karibu sentimita za mraba 50, na kwa hiyo maji ya mililita 50 yanapaswa kupandisha usawa kwa milimita 10. Kwa darasa la tano piga hesabu ya duara wewe mwenyewe. Watoto wamimine maji kwa bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano, mara tano, huku kila mmoja akiwa ameshaandika katika daftari lake anadhani usawa utafika wapi. Kikundi ambacho rula yake inasoma 13 badala ya 10 kitafute kosa liko wapi, na mara nyingi watakuta rula ilichorwa vibaya au kokoto zimevuka mstari wa sifuri.

Vipimamvua kumi viwekwe uwanjani, mbali na majengo na miti kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo cha kizuizi kilicho karibu, na viinuliwe kiasi cha sentimita 30 kutoka ardhini ili matone yanayoruka kutoka kwenye udongo yasiingie. Viwili viwekwe chini ya mkorosho, na viwili karibu na ukuta. Hivyo vinne havitaingia katika wastani wa mvua ya shule, lakini vitawafundisha watoto kwa nini mahali pa kupimia pana uzito sawa na chombo chenyewe. Watakapoona kwamba baada ya manyunyu chupa ya chini ya mkorosho ina maji kidogo sana, wataanza wenyewe kuuliza maji yaliyobaki kwenye majani yanakwenda wapi.

Usomaji ufanyike saa tatu asubuhi, saa ile ile kila siku ya shule, kama vituo vya hali ya hewa vya nchi yetu vinavyofanya. Usiwatoe nje wote 84 kwa pamoja. Kutoka kila kikundi watoke wawili, na kesho yake wawili wengine, hivi kwamba katika siku tatu kila mtoto awe amesoma. Kila mmoja asome peke yake, jicho likiwa sawa na usawa wa maji, na aandike namba yake kabla ya kuisikia ya mwenzake. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 2, warudie. Kanuni hii ndogo ndiyo inayomwokoa mtoto mkimya, kwa kuwa namba yake inahitajika na hakuna anayeweza kumsomea. Usomaji wa Jumatatu uandikwe wazi kwamba ni wa siku tatu. Na ikiwa chupa moja inaonyesha 60 wakati nyingine zote zina 20, usikubali namba hiyo ifutwe. Ibaki katika jedwali, ifafanuliwe pembeni, na darasa lijadili iwapo itumike katika wastani. Mtoto anayefuta namba isiyompendeza anajifunza tabia mbaya ambayo baadaye ni vigumu sana kuiondoa.

Sasa paa. Kwanza chora uwanjani mraba wenye upande wa mita moja na uwaulize: mvua ya milimita moja ikitanda juu ya mraba huu wote bila kupotea, ni maji kiasi gani? Sentimita 100 mara 100 mara sehemu moja ya kumi ya sentimita ni sentimita za ujazo 1,000, yaani lita moja. Watoto wengi watadhani ni kidogo zaidi, na mshangao huo una manufaa. Wakishalielewa hilo, hesabu yote iliyobaki ni kuzidisha. Wapime kwa kamba yenye mafundo ya mita moja moja urefu na upana wa ardhi iliyofunikwa na paa, pamoja na sehemu inayochomoza nje ya kuta.

Hapa utakutana na ubishi, nami nakusihi uupe nafasi. Mtoto mmoja atasema kwamba bati limeinama, kwa hiyo ni refu kuliko ardhi iliyo chini yake, na lazima lipokee maji mengi zaidi. Usimjibu kwa maneno. Mwezi Februari jua la saa sita mchana hupita karibu na utosini kwetu. Watoke nje na daftari, walishike likiwa limelala, wapime kivuli chake, kisha waliinamishe na kupima tena. Kivuli hupungua upana ingawa daftari ni lile lile, na mvua inayodondoka wima hukutana na bati kama jua hilo linavyokutana na daftari. Kinachohesabika ni eneo la ardhi iliyofunikwa.

Tuseme jengo lina mita 20 kwa 8. Paa linafunika mita za mraba 160, lakini gata yenu iko upande mmoja, kwa hiyo mnavuna kutoka mita za mraba 80. Si maji yote yanayofika tangini, kwa kuwa mengine huruka nje, huvuja kwenye maungio au hukauka juu ya bati lenye joto. Katika uvunaji wa maji hukadiriwa kwamba paa la bati hufikisha sehemu 8 hadi 9 kati ya 10. Mkichukua 8, kila milimita ya mvua inawapa lita 64, na tangi la lita 5,000 litahitaji milimita 78 hivi. Mvua moja nzuri ya milimita 25 itawapa lita 1,600, ambazo ni ndoo 80 za lita 20. Mruhusu kila mtoto apige hesabu hii kwa vipimo halisi vya jengo lenu, aandike utabiri wake na kuutia sahihi kabla mvua haijaanza kujumlishwa.

Thamani ya mradi huu ni kwamba tangi lenyewe litakuja kusahihisha. Kiranja wa maji aandike kila ndoo inayochotwa, nawe mwenyewe, au fundi, ndiye upande kupima kina kwa fimbo, kwani mtoto hapaswi kupanda juu ya tangi wala kulifunua. Maji yaliyopatikana yakiwa pungufu sana ya utabiri, msikimbilie kusema hesabu imekosewa. Watoto wasimame chini ya gata wakati mvua ndogo isiyo na radi inanyesha, waone maji yanapovujia. Kuna uwezekano mkubwa mkaishia kuiandikia kamati ya shule barua ya kuomba maungio ya gata yazibwe, na barua hiyo ikiwa na jedwali la vipimo vya wiki sita itakuwa na hoja ambayo wazazi hawataipuuza.

Kuhusu muda, mradi huu usiuweke pembeni ya azimio la kazi, yaani mpango wako wa kufundisha mada za mwaka. Uingize ndani yake. Mada za eneo, ujazo, wastani na grafu kwa Hisabati, pamoja na hali ya hewa na maji kwa Sayansi, zifundishwe kwa kutumia namba hizi hizi badala ya zile za kitabuni. Vipindi viwili vya dakika 40 kwa wiki, pamoja na dakika chache za usomaji wa asubuhi, vinatosha.

Shamba la mihogo linahitaji jibu la heshima kwa Mwalimu Mkuu, kwa sababu wazo lake lina msingi. Mwalimu Nyerere, alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shamba liwe sehemu ya maisha ya shule, lakini alitaka pia wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua mambo ya shamba hilo. Kulima kwa amri ni kazi halali ya shule, ila si kazi mradi. Mihogo hiyo inaweza kuwa kazi mradi wakati wa kiangazi, watoto wakitengeneza makopa, yaani vipande vya mhogo vilivyokaushwa, na kupima kila siku uzito wa vipande vyembamba na vinene, ili wajue gramu 500 za mhogo mbichi hubaki ngapi na baada ya siku ngapi uzito huacha kupungua. Wakatazwe kuonja, kwa kuwa mihogo michungu ina sumu. Wapo pia walimu wanaopendekeza kubangua korosho darasani. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu mafuta ya ganda huunguza ngozi na moshi wake hudhuru macho na kifua.

Alama, mwisho. Katika alama 20, ningetoa 8 kwa kumbukumbu zilizo katika daftari la mtoto mwenyewe, nikitazama kama utabiri uliandikwa kabla ya kipimo na kama makosa yameelezwa badala ya kufichwa. Nane nyingine ni za maelezo ya mdomo, na nne tu ni za kikundi. Uzuri wa chupa usipewe alama hata moja. Maelezo ya mdomo hayatakulemea kama unavyoweza kuogopa: ukiwaita wanne kwa siku, dakika mbili kila mmoja, utawamaliza wote 84 kwa siku 21 za shule. Mpe namba ambazo hajawahi kuziona, kwa mfano paa la mita za mraba 50 na mvua ya milimita 10, umuulize ni lita ngapi, kisha umuulize kwa nini tangi lingepata pungufu ya hizo. Atakayesema lita 500 na kukueleza zinapopotea, mpe alama zake zote, hata kama katika kikundi chake hakuwahi kushika mkasi wala kuzungumza mbele ya wenzake.