Wenye nyumba wapya, ulizeni kabla hamjapokea kodi

Juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu, ndiyo kwanza amemaliza vyumba vyake vya uani, alinifuata analalamika kuwa mpangaji mpya kaleta mbwa wawili. Nikamuuliza, mlizungumza habari za mbwa? Hapana, shikamoo. Dalali kamleta, kalipa miezi sita, kapewa funguo. Wadogo zangu wa hapa Dar, hili nimelisema mpaka koo limekauka. Nalisema tena kwa sababu nawapenda.

1. Usimalizane na mtu siku ileile aliyoletwa. Dalali anatafuta ile kodi yake ya mwezi mmoja, akiipata humwoni tena. Kaa na mpangaji mwenyewe, umuulize anafanya kazi gani, wanahamia wangapi, na alikokuwa anaondokea nini. Kisha mpigie mwenye nyumba wake, tena tafuta na yule wa kabla ya huyu wa sasa. Wa sasa anaweza kumsifia ili amwondokee. Mmoja aliwahi kunijibu, "Huyo ni malaika, mchukue hata leo jioni!" Kwa furaha ile nilijua kuna jambo.

2. Nakala ya kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa alikotoka, namba za ndugu wawili, mkataba wa maandishi. Kama LUKU ni moja, mkubaliane mapema nani ana friji na nani anapikia umeme.

3. Wanyama. Hapa niliumia, na aliyeumia zaidi hakuwa mimi.

Alikuja baba mmoja mstaarabu, akatoa kodi ya mwaka mzima mkononi. Wakati huo nilikuwa napaua nyumba ya pili na fundi ananisumbua kila asubuhi. Sikumuuliza chochote. Baadaye akaleta mbwa wa ulinzi, akamfunga mnyororo kwenye mwembe, hatua chache kutoka bombani wanapochota wote. Mama wa chumba cha mwisho alinijia mara mbili: mbwa anatia mdomo kwenye ndoo zake, na maji hayo ndiyo ya kutawadhia. Nikamwambia avumilie. Sikuwa na mdomo wa kumsemesha yule baba, maana kodi yake ilikuwa imeshageuka bati juu ya paa langu.

Mnyororo ukakatika. Mbwa akamng'ata mguuni binti mdogo aliyekuwa ametumwa maji. Nilipouliza kadi ya chanjo, baba yule akatazama chini. Tuliosha kidonda kwa sabuni chini ya bomba dakika 15, mtoto analia, mimi nimeshika ule mguu, kisha tukakimbilia hospitali akaanza sindano siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, mgonjwa haponi, na mama yake alilijua hilo kama nilivyolijua mimi. Kila tarehe ya sindano nilikwenda nao. Mtoto alipona. Mama wa chumba cha mwisho alihama, naye hakuwahi kunichelewesha kodi hata mwezi mmoja. Nilimwambia avumilie mbwa wa mtu kwa sababu mtu huyo alinilipa kwa mkupuo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo sasa mkataba wangu unataja mnyama gani, wangapi, wanalala wapi na nani anazoa kinyesi. Mbwa bila kadi ya chanjo haingii, na kila mwaka naletewa kadi yenye tarehe mpya. Vyumba vya uani vyenye bomba moja, mbwa hapana kabisa. Nyumba inayojitegemea yenye uzio na geti lake, tunaongea. Na haya yote yanasemwa kabla pesa haijatoka mfukoni kwake, kwa sababu ukishaila miezi sita, unayebanwa ni wewe.

4. Wapangaji waliopo waulizwe kwanza. Wao ndio watakaoishi na huyo mnyama.

5. Paka sina neno naye, anapunguza panya. Kuku wakae bandani, banda liwe mbali na madirisha ya watu, na mbolea izolewe kila wiki. Bata siwapokei. Wakishaanza kuogelea kwenye maji ya kufulia, uani hapakauki.