Kodi inapanda, shule inafungwa: maswali ya mzazi wa Texas

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu. Tulitokea Uvira, tukakaa kambini Nyarugusu, na sasa tunaishi katika kitongoji kimoja kaskazini ya Dallas, Texas. Shule ya msingi ya mtaa wetu imetuandikia barua kwamba itafungwa mwaka ujao, kwa sababu wanafunzi wamepungua na fedha hazitoshi. Mwenye nyumba naye hutupandishia pango akidai kwamba kodi anayotozwa na serikali kwa nyumba yake imepanda, na wakati huohuo wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo letu, inajenga ukumbi mpya wa michezo. Fedha hizo zinakwenda wapi? Tena, kwa nini shule hunipigia simu mtoto akikosa hata siku moja? Na mdogo wangu amefika na mwanawe wa miaka 19. Pango la nyumba limewashinda walikokuwa, wako kwangu, hawana mkataba wa nyumba wala vyeti vya shule. Kijana huyo ataandikishwaje?

JIBU: Mama, mimi ni mhasibu wa wilaya ya shule katika jimbo hilohilo, na swali la kodi kupanda huku shule zikifungwa ndilo ninaloulizwa na wazazi kuliko jingine lolote. Jibu lake si siri, ila limezikwa katika kanuni za hesabu ambazo hata wenyeji wengi hawazisomi. Katika Texas, wilaya ya shule haipewi fedha kwa kadiri ya kodi inayokusanya, wala kwa idadi ya majina yaliyomo katika rejista. Hupewa kwa kadiri ya watoto wanaohudhuria, kwa wastani, kila siku ya masomo.

Kipimo cha kuanzia ni mgao wa msingi, ambao tangu 2019 ulikuwa dola 6,160 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka. Bunge la jimbo halikuugusa hadi 2025, lilipouongeza kwa dola 55 tu, ukawa dola 6,215, ingawa sheria hiyohiyo ilitenga fedha nyingi zaidi kwa ajili ya mishahara ya walimu. Jinsi bei za vitu zilivyopanda katika miaka hiyo hakuhitaji maelezo ya mhasibu. Mgao huo ukizidishwa kwa wastani wa mahudhurio, kisha yakaongezwa mafungu ya watoto wenye mahitaji maalumu, wanaojifunza Kiingereza na wanaotoka katika familia za kipato kidogo, ndipo inapopatikana stahiki ya wilaya, yaani jumla ya fedha inazopaswa kupata.

Kodi ya nyumba na ardhi inaingia hapo, na hapo ndipo wengi hupotea. Kodi hiyo huhesabiwa kuwa mchango wa wenyeji katika stahiki, na jimbo hujazia pengo linalobaki. Thamani za nyumba zikipanda, mchango wa wenyeji hukua, nalo jimbo hupunguza wake karibu kwa kiasi hichohicho, kiasi kwamba mwenye nyumba wenu anaweza kulipa zaidi kwa kweli kabisa na shule isione hata senti ya nyongeza. Mchango ukizidi stahiki, ziada huchukuliwa na jimbo. Utaratibu huo, ambao wenyeji wameupa jina la Robin Hood, yule wa hadithi za Kiingereza aliyewanyang'anya matajiri akawapa maskini, ulitungiwa sheria mwaka 1993, baada ya Mahakama ya Juu ya Texas kuamua mwaka 1989, katika kesi ya wilaya maskini ya Edgewood iliyoko San Antonio, kwamba tofauti ya fedha baina ya wilaya tajiri na maskini ilikiuka katiba ya jimbo. Majirani zenu wa Plano wamekuwa wakitoa ziada hiyo kwa miaka mingi. Binafsi nauona msingi wake kuwa wa haki. Kinachonikera ni kwamba hati ya kodi haimwambii mlipaji habari hiyo.

Sasa tuangalie jinsi upungufu wa watoto unavyoiumiza shule. Chukua shule ya msingi yenye madarasa sita, kuanzia chekechea hadi la tano, na kila darasa lina mikondo mitatu ya watoto 22, ambao ndio ukomo wa kisheria kwa mkondo mmoja hadi darasa la nne. Kila darasa lina watoto 66. Wakiondoka 10 katika kila darasa, wanabaki 56, na 56 hawaenei katika mikondo miwili. Kwa hiyo walimu ni walewale watatu, mwalimu mkuu ni yuleyule, na muuguzi, mpishi, basi na umeme havikupungua. Mapato, hata hivyo, yamepungua kwa watoto 60, yaani dola zipatazo 372,900 kwa mgao wa msingi peke yake ikiwa walikuwa wakihudhuria bila kukosa. Bodi ya shule inapofunga jengo moja na kuwapeleka watoto wake kwa jirani, huwa inajaza viti vilivyokwisha kulipiwa.

Ninyi si wa kwanza. Richardson ilifunga shule za msingi nne mwaka 2024. Mwaka uliofuata Plano ikafunga mbili za msingi na mbili za kati, na Lewisville ikafunga tano za msingi. Sababu zinafanana: vitongoji vya zamani vimejaa na havina tena viwanja vya kujenga, wazee wanabaki katika nyumba walizolelea watoto wao, bei inawashinda wazazi vijana, uzazi umepungua, na baadhi ya familia zimehamia shule za mkataba (charter), yaani shule za umma zisizoendeshwa na wilaya.

Ukumbi wa michezo uko katika mfuko mwingine kabisa. Kodi ya shule ina mafungu mawili, moja la uendeshaji, linalolipa mishahara na umeme, na jingine la kulipa madeni. Wilaya hukopa kwa kuuza hatifungani baada ya wapiga kura kukubali, na fedha hizo hujenga, hukarabati, hununua mabasi na vifaa, lakini kisheria haziwezi kumlipa mwalimu hata mshahara wa siku moja. Tangu 2019 karatasi ya kura lazima iandikwe wazi kwamba pendekezo hilo ni nyongeza ya kodi, hata pale ambapo kiwango cha kodi hakipandi. Ukitaka kuhoji busara ya kujenga ukumbi, hoji. Ila usitarajie kwamba kuuacha kungeiokoa shule yenu.

Kuhusu simu. Shule yenye watoto 500 katika rejista na mahudhurio ya asilimia 94 hulipwa kwa watoto 470, na hao 30 wanaokosekana ni dola 186,450 kwa mwaka, ilhali mwalimu wao yupo na kiti chao kipo. Kwa kawaida hesabu huchukuliwa mara moja kwa siku, kwa saa iliyopangwa na shule, tuseme saa 4 asubuhi. Aliyepo wakati huo amehesabiwa. Kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui, nalo ni kwamba mtoto aliyekwenda kwa daktari akaanza au akarudi darasani siku hiyohiyo, na akaleta karatasi ya kliniki, huhesabiwa kuwa amehudhuria hata kama hakuwapo saa ya hesabu. Kwa hiyo usimwache nyumbani kutwa nzima kwa sababu ya miadi ya meno ya asubuhi, na karatasi hiyo mpe karani wa mahudhurio, isibaki kwenye begi. Simu hizo pia zina upande wa sheria, kwa kuwa siku 10 bila ruhusa katika kipindi cha miezi 6 huweza kulifikisha suala la mtoto mahakamani.

Ziko pia fomu mbili ambazo familia zetu huzijaza kwa woga. Ya kwanza huuliza lugha ya nyumbani. Nimeona wazazi wakiandika Kiingereza wakidhani mtoto atarudishwa nyuma, na matokeo yake mtoto hafanyiwi mtihani wa lugha, hapati mwalimu wa kumsaidia, na wilaya hukosa fungu la nyongeza ambalo kwa kawaida ni asilimia 10 ya mgao wa msingi. Andika lugha inayosemwa kweli nyumbani kwenu, iwe Kiswahili, Kibembe au Kinyarwanda. Mtihani ukishafanyika, mzazi bado ana haki ya kuukataa mpango wa lugha. Msitarajie masomo yenyewe kufundishwa kwa Kiswahili, kwa sababu wilaya hulazimika kuwa na mpango wa lugha mbili pale tu wanapofika watoto 20 wa lugha moja katika ngazi moja ya darasa, wilaya nzima. Wasiofikia idadi hiyo huwekewa mafunzo ya ziada ya Kiingereza.

Fomu ya pili ni ya kipato. Hata pale ambapo shule hulisha watoto wote bure, fomu inayofanana na hiyo huletwa, kwa sababu fungu la familia za kipato kidogo hutegemea hesabu hiyo. Ijaze na uirudishe.

Nimalizie na kijana wenu. Sheria ya Texas inamruhusu kusoma bure katika shule ya umma mtu ambaye hajatimiza miaka 21 ifikapo tarehe 1 Septemba, kwa hiyo miaka 19 haimzuii. Hadhi yake ya uhamiaji haiwezi kutumiwa kumkatalia elimu, na uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1982 ulioamua jambo hilo ulitokana na wilaya ya Tyler, Texas hiyohiyo. Namba ya Hifadhi ya Jamii (Social Security) anaweza kuombwa lakini si lazima aitoe. Atapewa namba nyingine ya jimbo. Kwa kuwa wako kwako baada ya kushindwa na pango, usianzie kwenye kaunta ya uandikishaji. Mwombe afisa wa wilaya anayeshughulikia wanafunzi wasio na makazi, kwani sheria ya shirikisho ya 1987 inayowahusu wanafunzi hao inawahesabu pia wanaohifadhiwa na ndugu kwa sababu ya shida, na inaamuru waandikishwe mara moja huku vyeti na rekodi za chanjo zikitafutwa baadaye. Ongea kupitia mkalimani wa wilaya, si kupitia mmoja wa watoto wako. Na kijana mwenyewe aelezwe mapema kwamba aliyejiandikisha baada ya kutimiza miaka 19 akikosa shule zaidi ya mara 5 bila ruhusa katika muhula mmoja, wilaya inaweza kufuta uandikishaji wake kwa muda wote uliobaki wa mwaka wa shule. Barua ya onyo hutangulia baada ya mara ya 3.