Ukitaka kuona seli za neva zikizaliwa, anza na joto la maji

Mwanafunzi wa biolojia wa Arusha au Moshi anayetaka kufanya kazi na zebrafishi, Danio rerio, samaki mdogo anayetumika sana maabara, kwa kawaida huulizia kwanza hadubini kali. Ushauri wetu: tafuta kwanza hita na kipimajoto. Kiinitete cha samaki huyu ni kiangavu, unaona ubongo ukijengeka hata kwa hadubini ya kawaida ya maabara. Ila ratiba za vitabuni, zinazohesabu saa tangu yai kurutubishwa, zimepimwa kwenye nyuzi 28.5, na chumba cha Arusha mwezi wa Julai hakikaribii hapo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Zidisha joto la maji kwa 0.055, toa 0.57, kisha gawa saa za kitabuni kwa jibu ulilopata. Kwa nyuzi 25, hatua ya saa 24 itafikiwa baada ya saa 30 hivi. Kanuni hii inafaa kati ya nyuzi 25 na 33 tu. Chini ya hapo viinitete huanza kuharibika, nawe utadhani umepata kasoro ya jeni kumbe ni baridi ya usiku. Umeme ukikatika, hamishia sahani kwenye boksi la povu lenye chupa za maji ya vuguvugu, na kipimajoto kiwe humo humo.

Maji ya ukanda wa Mlima Meru yana floridi nyingi, kwa hiyo usitumie ya bomba. Chukua lita 1 ya maji yaliyokenekwa ya maabara (ya betri ya gari hapana, huwezi kujua kama hayana asidi), uyeyushie gramu 5.8 za sodiamu kloridi, 0.25 za potasiamu kloridi, 0.97 za kalsiamu kloridi yenye maji mawili na 1.63 za magnesiamu salfeti yenye maji saba. Hiyo ni akiba: mililita 50 zake ongezea maji hadi lita 1. Weka mayai yasiyozidi 50 kwa sahani ya sentimita 10, na kila yai lililogeuka jeupe litoe mara moja, kwani likioza huua na mengine.

Sasa tazama. Kufikia saa 10 tangu kurutubishwa seli zimeshafunika kiini chote cha yai, na mgongoni pana bamba la neva, yaani tabaka la seli zitakazokuwa ubongo na uti wa mgongo. Kwa kuku na panya kingo za bamba hilo hujikunja zikakutana kuwa mrija. Kwa zebrafishi seli huzama pamoja kuelekea katikati, zikawa kijiti kizima kisicho na tundu. Tundu hufunguka baadaye. Anayetafuta kingo zinazojikunja atakesha bure.

Kwenye bamba hilo seli hazigeuki neva zote kwa pamoja, na hapa ndipo penye uzuri wa kazi hii. Seli inayotangulia huonyesha juu yake protini iitwayo Delta. Delta huamsha Notchi, protini inayopokea ishara kwenye seli za jirani, nazo huzuiwa kugeuka neva zibaki akiba. Kwenye samaki wenye jeni mbovu iitwayo mind bomb, Delta haifanyi kazi ipasavyo: seli nyingi mno hugeuka neva mapema, akiba inaisha, na aina za seli zinazopaswa kuzaliwa baadaye hazipatikani za kutosha. Kwa hiyo ukikuta neva nyingi kuliko kawaida mapema, usishangilie. Hesabu na seli zilizobaki.

Baada ya saa 17 hivi mkia huanza kujikunja wenyewe. Kuanzia saa 21, ukimgusa samaki huyo taratibu kwa ncha ya unywele, hujibu: neva za hisia na za misuli zimeshaungana. Ukihitaji kuzuia rangi ya ngozi, weka kemikali iitwayo PTU, asilimia 0.003, kabla ya saa 24. Ukichelewa, rangi iliyokwisha kutokea haifutiki. Kumbuka pia kwamba PTU huvuruga homoni za thairoidi, hivyo uwe na kundi la kulinganishia lisilopewa.

Samaki mkubwa naye anaendelea kuzaa neva, kutokana na seli za radiali glia, aina ya seli za glia (seli saidizi za ubongo), zilizo kwenye kuta za ubongo. Wengi huzitafuta neva hizo mpya kwa BrdU, kemikali ya kuweka alama kwenye DNA mpya, wakaishia hapo. BrdU inaonyesha tu kwamba seli ilinakili DNA yake, na glia pia hufanya hivyo. Ili kusema neva mpya imezaliwa, subiri wiki kadhaa baada ya kuweka alama, kisha tumia na kingamwili ya protini ya Hu, iliyo kwenye seli za neva, uhesabu seli zenye alama zote mbili.