Mgonjwa amebadilika: nimwite nani, nimwambie nini?

Sista, saa tisa usiku nilimpigia daktari wa zamu nikamwambia, "Mgonjwa wa kitanda cha sita amebadilika." Akajibu, "Endelea kumwangalia." Asubuhi mgonjwa alipelekwa ICU, chumba cha mahututi. Ningesemaje?

Pole sana, mdogo wangu. Sisi wa wodini "amebadilika" tunalielewa, lakini aliyeamshwa usingizini haoni kitu. Mpe namba, na mwambie unachotaka: "Dokta, ni muuguzi wa wodi ya wanaume. Mzee wa miaka 60, amelazwa jana kwa nimonia. Saa sita alihema mara 22 kwa dakika, sasa 32. Oksijeni 88, presha 90 kwa 50, ameanza kuchanganya maneno. Naona anazidiwa. Nimemketisha na kumwekea oksijeni. Naomba uje sasa hivi."

Hiyo ni nusu dakika. Mpangilio huu wa hali, historia, tathmini na ombi ndio SBAR. Ulianzia kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani, hospitali zikauchukua baadaye. Andika kwenye faili saa uliyopiga na ulichojibiwa. Asipofika, piga tena. Asipopokea, mtafute mkuu wa zamu, kisha daktari aliye juu yake. Huko si kumchongea mtu. Mgonjwa hana muda wa kungoja heshima zetu.

Vipimo viko sawa lakini roho inaniambia huyu si mzima. Nisubiri?

Usisubiri. Ila hesabu upya pumzi, kwa mkono wako. Nikiwa mgeni kazini nilipokea zamu nikakuta safu ya upumuaji imeandikwa 20, 20, 20, kitanda hadi kitanda. Nikamwekea mama mmoja kiganja kifuani, macho kwenye saa, dakika nzima bila kumsemesha. Nikapata 34, na kila akivuta hewa ngozi ya katikati ya mbavu inadidimia. Presha yake bado ilikuwa nzuri! Mara nyingi pumzi hutangulia, presha ikaanguka mwishoni. Kwenye NEWS2, chati ya Uingereza ya kupima hatari, pumzi 25 na zaidi peke yake inatosha kumwita daktari bila kungoja. Na kama namba zote ni nzuri, sema tu, "Nina wasiwasi naye." Hiyo ni sababu halali.

Mimi si muuguzi, namuuguza baba hospitalini. Naogopa kumsumbua nesi.

Msumbue. Wewe ndiye unayemjua baba yako. Mwambie kilichobadilika: "Jioni alinitambua, sasa hanitambui." Uingereza, kuanzia 2024, hospitali zimeanza kuwapa ndugu njia ya kuomba mgonjwa aangaliwe na timu nyingine, baada ya binti Martha Mills kufariki 2021 huku wazazi wake wakiwa wameshaeleza hofu yao.

Zahanati yetu usiku niko peke yangu. Mama aliyejifungua akitoka damu nyingi?

Piga kelele ndugu waje, mlinzi pia. Mmoja apigie 115, gari la m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito na waliojifungua, ni bure kwa Tanzania. Mikono yako isitoke kwa mama: kanda mji wa mimba mpaka ukaze, choma oksitosini, dawa ya kuukaza, yuniti 10 kwenye msuli, weka dripu, toa mkojo. Gari likifika panda naye, uendelee kukanda njiani.