Kabla ya kutoa hela, panda darini

Mkuu, usitoe hata mia mpaka upande darini. Umeuliza mambo matatu kuhusu hiyo nyumba unayotaka kununua Ipuli, hapa Tabora: ufa wa dirishani, hati, na kama bei ni halali. Mimi nimekwama pale uliposema "imepakwa rangi juzi na siling ya jipsamu ni mpya". Hapo hapo ndipo nilipopigwa.

Agosti 2019 nilinunua nyumba Isevya, hapa hapa Tabora. Rangi ya krimu, jipsamu nyeupe pee. Dalali (Mungu amsamehe, mimi bado) akaniambia, "Bosi, hapa ni kuleta godoro tu." Nikamwamini kwa sababu kila akiingia alikuwa anavua viatu. Nikaleta godoro.

Desemba, mvua moja ya upepo, siling ya sebuleni ikabonyea. Fundi akakata tundu, akapanda na bisibisi yake, akanyamaza. Kisha: "Mzee, hebu panda." Akachoma kenchi, zile mbao zinazobeba paa, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini, kama anachoma andazi. Nje mbao ina ngozi safi kabisa. Ndani udongo mtupu. Mchwa walipanda kutoka kwenye msingi, na zile njia zao za udongo ukutani mwenye nyumba alizikwangua akapaka rangi juu. Mbao zenyewe paini, dawa hazikuwahi kuionja.

Kenchi, papi, bati, jipsamu upya, dawa, ufundi: shilingi 5,800,000. Wiki tatu tumelala chini ya turubai, mvua ndiyo zimekolea, na mwanangu anauliza tutarudi lini nyumbani. Tabora tuna nyuki na mchwa. Nyuki angalau wanakuachia asali.

Kwa hiyo: ngazi, tochi, bisibisi. Choma kenchi pale zinapokalia ukuta, maana ndipo mchwa wanapoingilia. Choma na fremu za milango chini kabisa, karibu na sakafu. Siling haina tundu? Mwambie muuzaji akate, gharama utalipa wewe. Akianza kuzungukazunguka, washa pikipiki uondoke. Dalali wangu nilipompigia alisema, "Bosi, mchwa Tabora ni kawaida." Malaria nayo ni kawaida, mbona haiuzwi na nyumba?

Hati na bei watakujibu wengine. Ufa sijui ulisema upo upande gani, nimeshasahau. Kama huna ngazi, njoo Isevya uchukue yangu. Nilinunua Januari 2020.