Kokoto ya inchi moja na nusu kwenye bimu, inafaa?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Kibaha najenga ghorofa, tunakaribia kumwaga slabu na bimu zake. Fundi wangu kaniandikia kokoto ya robo tatu inchi, ila jamaa wa lori anasema nichukue inchi moja na nusu eti jiwe kubwa ndo lenye nguvu. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Msikilize fundi wako. Saizi ya kokoto inapimwa kwa chekeche: kinachopita tundu la milimita 5 hivi ni mchanga, kinachobaki juu ndo kokoto, na ile laini inayopita hata tundu la milimita 0.075 ni vumbi na udongo, hiyo ikizidi saruji haishiki vizuri kwenye jiwe. Robo tatu ni kama milimita 20, inchi moja na nusu ni kama 40. Ya 40 ina kazi yake kwenye msingi mnene usio na nondo nyingi, na huko kweli saruji inapungua kidogo.

Ila kwenye bimu tatizo ni nondo. Chukua bimu ya upana wa milimita 200, kava (zege linalofunika nondo) 25 kila upande, ringi (vyuma vinavyozungushia nondo) za 8, chini nondo tatu za 16, hapo kati ya nondo na nondo inabaki milimita 43 tu. Jiwe kubwa lisizidi robo tatu ya nafasi hiyo, yaani 32 hivi, kwa hiyo ya 20 inapita vizuri, ya 40 inakwama juu halafu ukifungua mbao unakuta matundu na nondo ziko wazi, kutu inaanzia hapohapo. Na mwambie fundi apishanishe maungio, yaani pale nondo mbili zinapolazwa ubavu kwa ubavu kuunganishwa, maana nondo zote tatu zikiungiwa sehemu moja zinakuwa sita hapo na nafasi inabaki milimita 19, hata hiyo kokoto ya robo tatu haipiti!

Halafu usikubali robo tatu ya saizi moja tupu. Nzuri ina mchanganyiko kuanzia 5 mpaka 20, vidogo vinajaza mapengo ya vikubwa, la sivyo mapengo hayo utayajaza kwa mchanga na saruji ya hela yako.

Lori likifika usiangalie juu tu, panda na koleo uchimbe mpaka chini, chota ndoo moja uioshe, maji yakitoka tope zito mwambie ageuze nayo kabla hajamwaga.