Jibu: Luteini na kumbukumbu ya mama

Ndugu yangu, umeuliza kama umnunulie mama yako wa miaka 72 vidonge vya luteini ili asiwe anasahausahau. Mimi ningeanza na sufuria.

Luteini ni rangi ya njano iliyomo ndani ya mboga za kijani. Hatuioni kwa sababu klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, imeifunika. Mwili hauwezi kuitengeneza, ila ikiliwa hujikusanya kwenye retina (sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga) na kwenye ubongo wenyewe. Wazee walio nayo kwa wingi mara nyingi hufanya vizuri kwenye vipimo vya kumbukumbu. Lakini vidonge vilipojaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,500 wenye ugonjwa wa macho, kwa takriban miaka 5, havikupunguza kasi ya kusahau. Matokeo yalitoka 2015.

Luteini huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Kwa hiyo katakata spinachi, ikaange kidogo kwa mafuta, uvunjie na yai juu yake. Kile kiini cha njano nacho kina luteini, tena mwili huifyonza vizuri.

Kama mama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, tafadhali ongea na daktari kwanza: vitamini K ya mboga hizi hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Na kama kusahau kumeanza ghafla, usisubiri mboga, mpeleke akapimwe.